Kipuri Kizuri cha Kifaru Kingine: Jinsi ya Kupata Vipande Sahihi vya Modeli za Vifaru

Ukitafuta "vipuri vya Sherman 1/35", yaani vya modeli ya kifaru cha Sherman iliyo ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi, katika duka lolote la modeli mtandaoni, utaonyeshwa mamia ya bidhaa: mitutu ya shaba iliyokerezwa, magurudumu ya rezini, minyororo ya chuma, vibati vyembamba vya kufunika matundu ya injini, hata minara mizima ya mzinga. Nyingi zimetengenezwa kwa ustadi. Na nyingi hazifai modeli iliyo mezani kwako, ingawa jina la Sherman limeandikwa kwenye pakiti kwa herufi kubwa.

Sababu ni kwamba jina la kifaru ni jina la ukoo. Sherman zipatazo 49,000 zilitoka viwandani Marekani kati ya 1942 na 1945, zikiwa na injini za aina tano, nyingine zikiwa na bodi ya mabamba yaliyochomelewa na nyingine bodi ya chuma cha kusubu. Tiger I za Ujerumani zilikuwa takriban 1,350 tu, zote zikiunganishwa na Henschel mjini Kassel, lakini ile ya Januari 1943 na ile ya Juni 1944 zinatofautiana magurudumu, kuba la kamanda, taa na hata ncha ya mtutu. Kosa linaloharibu modeli nyingi si kununua kipuri kibovu. Ni kununua kipuri kizuri cha kifaru kingine.

Kwa hiyo utafutaji unaanzia mbali na duka. Kwanza kifaru halisi kitambulike, kisha modeli ipimwe, ndipo kipuri kitafutwe. Anayenunua seti kubwa ya shaba siku ileile anaponunua modeli huishia kuacha nusu ya vibati kwenye fremu, kwa kuwa vinahusu toleo asilolijenga.

Mwezi na kiwanda

Tuanze na Tiger I, maana mabadiliko yake yamefuatiliwa karibu mwezi kwa mwezi. Za mwanzo zina kuba la kamanda refu lililonyooka, lenye nyufa za kutazamia. Kuanzia Julai 1943 likaja kuba la chini lenye periskopu saba. Zimmerit, ule utando wenye mistari uliopakwa ili mabomu ya sumaku yasinate, ulianza kupakwa kiwandani Agosti na Septemba 1943. Kufikia mwisho wa mwaka huo taa mbili za mbele zilikuwa zimebaki moja. Februari 1944 magurudumu yenye mpira ukingoni yaliachwa, yakaja ya chuma. Machi paa la mnara likaongezwa unene kutoka milimita 25 hadi 40. Aprili darubini ya mlengaji yenye macho mawili ikabadilishwa kwa ya jicho moja, ngao ya mzinga ikabaki na tundu moja badala ya mawili, na breki ya mdomo wa mtutu, ile ncha inayopunguza msukumo wa mzinga kurudi nyuma, ikawa ndogo na nyepesi.

Tazama maana yake kwa mnunuzi. Tiger yenye Zimmerit, kuba jipya na magurudumu ya mpira ni ya miezi isiyozidi sita hivi. Breki ndogo ya mtutu haiwezi kuwa yake tangu kiwandani. Na idadi ya magurudumu nayo hubadilika: ya mpira yalikuwa matatu kwa kila ekseli, ekseli nane kila upande, yaani 24 kwa upande na 48 kwa kifaru kizima; ya chuma yalikuwa mawili kwa ekseli, 16 kwa upande na 32 jumla. Pakiti ya rezini isipotaja wazi ni ya aina gani, hesabu vipande vyake kwenye picha kabla hujalipa.

Sherman inataka maswali mengine, na swali la kwanza ni injini. M4 na M4A1 zilitumia Continental R975 ya duara, M4A2 dizeli mbili za General Motors, M4A3 injini ya Ford GAA, na M4A4 ile Chrysler A57 iliyounganisha injini tano za gari kuwa moja. Kila injini ilileta sitaha yake ya nyuma na matundu yake ya hewa, kwa hiyo vibati vya sitaha ya M4A3 havina nafasi juu ya M4A2. M4A4 ilibidi irefushwe kwa sentimita 28 hivi, seti za magurudumu zikatenganishwa zaidi, na mnyororo ukawa na pingili 83 badala ya 79. Katika skeli ya 1/35 sentimita hizo ni milimita 8, na mwenye jicho ataziona akiwa upande wa pili wa meza. Anayejenga Firefly Vc, Sherman iliyowekewa mzinga wa Waingereza, lazima aanze na bodi ya M4A4. Mnara na mtutu wa Firefly uliowekwa juu ya bodi ya M4A3 ni kifaru ambacho jeshi la Uingereza halikuwa nacho.

Baada ya injini, tazama bamba la mbele. Bodi za awali zilizochomelewa zina mwinamo wa nyuzi 56 kutoka wima na vifuniko vidogo vya dereva. Za baadaye zina nyuzi 47 na vifuniko vikubwa. Halafu pua: ya vipande vitatu vilivyofungwa kwa bolti, au ya kipande kimoja cha kusubu, na hiyo ya kipande kimoja ina ya mviringo ya awali na ya baadaye iliyochongoka. Kisha springi: za wima zenye mnyororo wa upana wa milimita 421, au za mlalo zenye mnyororo wa milimita 584. Mambo haya manne yakishajulikana, sehemu kubwa ya bidhaa za dukani zitakuwa zimejichuja zenyewe.

T-34 ya Kisovieti ndiyo inayowapoteza watu zaidi, kwa sababu ya majina ya "modeli ya 1941", "ya 1942", "ya 1943" yaliyozoeleka kwenye masanduku. Mwaka peke yake hausemi mengi. Kiwanda ndicho kinachosema. Kiwanda namba 183 cha Nizhny Tagil, namba 112 cha Krasnoye Sormovo, cha Stalingrad, cha Chelyabinsk, cha Sverdlovsk na cha Omsk vilijenga kifaru kilekile kwa magurudumu tofauti, minara tofauti na vishikio tofauti vya askari, mara nyingi katika mwezi mmoja. Stalingrad, mpira ulipoadimika, ilitoa magurudumu ya chuma yenye mpira uliofichwa ndani karibu na kitovu. Seti ya magurudumu hayo ni nzuri ajabu kwa macho, na ni kosa juu ya T-34 ya Sormovo iliyotoka na mpira wake wote.

Panther ya Ujerumani ina mtego mwepesi lakini wa kila siku: mpangilio wa matoleo ni D, kisha A, kisha G. Anayedhani A ilitangulia hutafuta vipuri vya mwaka usio wake. D za mwanzo zilikuwa na mlango mdogo wa mstatili kwa bunduki ya mbele. A ndiyo iliyoleta tufe la bunduki kwenye bamba la mbele. G ilibadili ubavu wa bodi na kuondoa kifuniko cha dereva cha kutazamia mbele.

Tarehe hizi zote zichukuliwe kwa kiasi. Kiwanda kilimaliza akiba ya vipande vya zamani kabla ya kugusa vipya, na karakana za uwanjani zilitengeneza kifaru kwa kilichopatikana. Ndiyo maana picha ya kifaru chenyewe, yenye namba yake ubavuni, inashinda kitabu chochote.

Ushahidi una ngazi

Ngazi ya juu ni hiyo picha ya kifaru chenyewe katika kipindi unachokijenga. Hifadhi za Imperial War Museums za Uingereza, Bundesarchiv ya Ujerumani na National Archives ya Marekani zina maelfu ya picha zilizowekwa mtandaoni, na nyingine zina tarehe na mahali. Chini yake ni picha za vifaru vya kundi lilelile la uzalishaji. Kisha vitabu vya kiufundi vya jeshi: orodha ya vipuri ya Marekani yenye alama SNL G-104, kwa mfano, inahusu familia ya Sherman na inaonyesha sehemu moja moja zikiwa zimetenganishwa. Hapo ndipo unapojua kama bawaba ina msumari mmoja au miwili.

Kifaru cha makumbusho ni msaada mkubwa na hatari kubwa kwa wakati mmoja. Tiger 131 ya makumbusho ya Bovington, Uingereza, ilitekwa Tunisia Aprili 1943, na namba yake ya bodi ni 250112. Kwa Tiger ya mwanzo hakuna kielelezo kinachoishinda. Kwa Tiger ya Normandy ya 1944 itakupotosha kuanzia kuba hadi magurudumu. Mbaya zaidi ni T-34-85. Nyingi zilizosimama kwenye viwanja na makumbusho zilitengenezwa Poland au Czechoslovakia miaka ya 1950, au zilifanyiwa ukarabati wa Kisovieti miaka ya 1960 na kuwekewa magurudumu ya aina ya T-54 na T-55, vifaru vya Kisovieti vya baadaye, taa mpya na visanduku vya ziada. Mtengenezaji wa vipuri akipima kifaru cha namna hiyo, kipuri chake kitakuwa sahihi hadi bolti ya mwisho, ila kwa jeshi la miaka 20 baadaye. Kabla ya kuamini picha za "ziara ya kuzunguka kifaru", tafuta kifaru hicho kilijengwa wapi na kilitumika hadi lini. Zana zilizofungwa nje, kama jeki, mashoka na kamba za waya, zichukulie kuwa zimebadilishwa mpaka uthibitishe vinginevyo.

Michoro ya skeli iko chini zaidi ya inavyodhaniwa. Ikinakiliwa hunyooka upande mmoja kuliko mwingine. Ipime kwa kitu unachokijua: gurudumu la Tiger lina kipenyo cha milimita 800, kwa hiyo kwenye mchoro wa 1/35 lazima liwe milimita 22.9, likipimwa wima na mlalo. Likipata 22.9 kwa wima na 22.4 kwa mlalo, mchoro huo usiutumie kuhukumu urefu wa kitu chochote.

Njia hiyohiyo hutumika kwenye picha. Dumu la mafuta la Kijerumani la lita 20 lina kimo cha milimita 470, upana wa 345 na unene wa 165. Likiwa limesimama karibu na kisanduku usichokijua kipimo chake, kwa umbali uleule kutoka kwenye kamera, ukubwa wa kisanduku unapatikana kwa hesabu ya uwiano. Na katika 1/35 dumu lenyewe lazima liwe karibu milimita 13.4 kwa 9.9 kwa 4.7. Madumu ya nyongeza ni mahali pazuri pa kuupima umakini wa mtengenezaji: ndicho kipuri kinachouzwa kila mahali, na hukosewa unene mara kwa mara.

Modeli iliyo mezani ni ya nani?

Seti nyingi za nyongeza hukatwa kwa ajili ya modeli moja mahususi. Mtengenezaji alichukua plastiki ya Tamiya, au Dragon, au Rye Field Model, akapima, akakata. Madigadi yaliyokatwa kwa bodi ya Dragon yanaweza kupungua au kuzidi kwa milimita moja kwenye bodi ya Tamiya, na milimita moja kwenye kibati hairekebishiki kwa msasa. Kwa hiyo jina la kampuni halitoshi. Soma namba ya modeli. Tamiya 35216 ni Tiger I ya mwanzo, 35146 ni ya mwisho, na seti ya shaba ya moja haifuati nyingine.

Kuna msokoto mmoja zaidi. Plastiki ileile huuzwa ndani ya masanduku ya kampuni tofauti, kwa sababu kalibu hukodishwa au huuzwa. Zvezda imewahi kufungasha upya kalibu za Italeri. Tasca ya Japani ilibadili jina ikawa Asuka, kwa hiyo seti ya zamani iliyoandikwa "kwa Tasca" inaingia kwenye Sherman ya Asuka. Tovuti ya Scalemates huonyesha historia ya kila kalibu, mwaka ilipochongwa na masanduku iliyopitia. Ukitazama hapo utajua kama sanduku jipya linalong'aa lina plastiki mpya au ya miaka 40 iliyopita. Hilo hufungua mlango pia: seti iliyotengenezwa kwa jina moja inaweza kukufaa kwa modeli yenye jina jingine.

Kabla ya kununua chochote, ondoa kwenye fremu vipande vikubwa tu, vishikanishe kwa utepe bila gundi, na upime kwa venia, kile kipimio chenye taya. Zidisha kwa 35. Urefu wa bodi ya Tiger I bila mtutu ni mita 6.316, yaani milimita 180.5. Gurudumu la Sherman ni inchi 20, yaani milimita 14.5, la T-34 ni milimita 830, yaani 23.7, la Panther ni 860, yaani 24.6. Tofauti ya nusu milimita kwenye bodi haina shida. Tofauti ya milimita 3 ina maana kwamba vibati vyovyote vilivyokatwa kwa vipimo vya kifaru halisi havitalingana na plastiki yako, hata viwe vya nani. Modeli za zamani za Tamiya, nyingi zikiwa zimebuniwa ili ziendeshwe kwa mota na betri, zina matundu chini ya bodi na uwazi juu ya minyororo ambako pangepaswa kuwa na sakafu. Hayo hayahitaji kununua kitu: kipande cha bamba la plastiki la milimita 0.5 kinaziba.

Minyororo, ambako fedha nyingi hupotea

Mnyororo ndio kipuri kikubwa kuliko vyote kwa macho, na ndio wenye makosa mengi. Angalia aina kwanza. Sherman za springi za wima zilitumia T48 ya mpira wenye umbo la V, T51 ya mpira bapa, T54E1 ya chuma yenye V, T49 ya chuma yenye vizuizi vilivyonyooka, na nyingine tena. Picha ya kifaru chako itakuonyesha, usikisie. Tiger ilikuwa na mnyororo wa vita wa milimita 725 na wa kusafirishia kwa treni wa milimita 520, yaani 20.7 na 14.9 katika 1/35, na ule wa vita uliongezewa meno ya V ya kuzuia kuteleza mnamo Oktoba 1943.

Halafu hatua, yaani umbali kati ya pini moja na inayofuata. Kwa Tiger ni milimita 130, sawa na 3.71 kwenye modeli. Kwa Sherman ni inchi 6, sawa na 4.35. Kwa T-34 ni milimita 172, sawa na 4.91. Pima pingili 10 zilizounganishwa: za Tiger ziwe 37.1. Kosa la milimita 0.05 kwa pingili moja halionekani, lakini kwa pingili 96 za upande mmoja linakuwa milimita 4.8, zaidi ya pingili nzima, na hapo mnyororo ama hautafunga ama utaning'inia kupita kiasi. Hesabu ya pingili ikiwa sahihi lakini mnyororo haufungi, kosa liko kwenye hatua au kwenye nafasi ya gurudumu la mvutano la modeli. Usiondoe pingili kimyakimya kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Meno ya gurudumu la kuendeshea yahesabiwe pia: Tiger 20, Panther 17, Sherman 13. T-34 haina meno kabisa. Gurudumu lake lina roli sita zinazokamata pembe za pingili. Baadhi ya seti za minyororo ya chuma za Friulmodel ya Hungaria huja na magurudumu ya meno ya chuma kwa sababu hatua ya plastiki na ya chuma hazipatani. Yatumie hayo, ukibaki na la plastiki, pingili zitapanda juu ya meno baada ya nusu mzunguko.

Wengi hununua chuma kwa ajili ya uzito, ili mnyororo ulale wenyewe juu ya magurudumu. Kwa Tiger, Panther na T-34 ni sawa kabisa, kwa sababu pini zao hazina mpira na mnyororo halisi hulegea. Kwa Sherman si sawa. Pingili zake zimeunganishwa kwa bushi za mpira zinazoukaza mnyororo, na kati ya roli za juu hauning'inii kwa mkunjo mkubwa. Mnyororo wa plastiki au wa kuchapishwa kwa 3D uliokazwa vizuri utakuwa wa kweli kuliko wa chuma, na kwa gharama ndogo. Kwa T-55 tazama aina ya mnyororo: OMSh, usio na mpira kwenye pini, hulegea; RMSh wenye mpira hukaza.

Mitutu na ncha zake

Mtutu uliokerezwa kwa alumini au shaba una faida halisi: hauna mshono wa kuunga nusu mbili, na tundu lake ni la duara kamili. Kipimo cha tundu ni rahisi kukikagua. Milimita 88 kugawa kwa 35 ni 2.5; milimita 120 ni 3.4. Urefu una mtego. Namba kama L/56 ya Tiger ina maana ya mara 56 ya kipenyo, yaani milimita 4,928, lakini inahesabiwa kutoka nyuma ya mtutu ndani ya mnara, na breki ya mdomo haimo. Usilinganishe milimita 140.8 na kipande kinachoonekana nje ukasema ni kifupi. Linganisha sehemu ya nje kwa picha ya ubavu.

Kwa vifaru vya sasa urefu ndio utambulisho wenyewe. Leopard 2A4 na 2A5 zina L/44, 2A6 ina L/55. Tofauti ni milimita 1,320 za kweli, karibu milimita 38 kwenye modeli. Sherman ya milimita 76 ina mtutu wa M1A1 usio na breki, M1A1C wenye nyuzi za kufungia breki zilizofunikwa kwa pete, na M1A2 wenye breki. Mtu akinunua "mtutu wa 76" bila kuangalia ncha, amebahatisha.

Shaba, rezini na uchapishaji wa 3D

Kila kitu kina mahali pake, na mahali hapo huamuliwa na unene. Madigadi ya plastiki yenye milimita 0.8 yanawakilisha chuma cha milimita 28, wakati halisi yalikuwa ya milimita 2 au 3. Kibati cha shaba cha milimita 0.15 kinawakilisha 5. Bado ni kinene, ila jicho linakubali, na kinaweza kukunjwa na kupondwa kama madigadi yaliyogonga ukuta. Kwa hiyo shaba ya kampuni kama Aber, Eduard au Voyager itumike kwa vitu bapa: madigadi, nyavu za injini, vishikizo vya zana, mikono ya visanduku, ngao za taa. Kitu cha mviringo kisitengenezwe kwa kibati. Kishikio cha askari, mpini wa shoka, fito za kukinga taa: hivyo ni waya wa kipenyo kinachofaa. Kibati hapo kitaonekana kama utepe, na rangi itauonyesha zaidi badala ya kuuficha. Fuata seti kwa uhuru. Kutumia theluthi moja ya vibati na kuacha vingine ni uamuzi halali.

Kibati cha kukunjwa mara nyingi kina mstari uliochimbwa nusu. Mstari huo huwa upande wa ndani wa mkunjo, isipokuwa maelekezo yaseme tofauti. Kibati kirefu kama digadi lipashe moto hadi lianze kuwa jekundu hafifu, liache lipoe, na litakuwa laini la kukubali mkunjo. Maungio marefu yalehemiwe; supaglu hupasuka yakiguswa. Na pale unapobandika kibati juu ya plastiki, kwangua kwanza kile kilichochongwa kwenye plastiki, la sivyo unene unaongezeka na bolti za chini zinakiinua kibati.

Rezini hupungua ikikauka. Kampuni nzuri huipangia nafasi, nyingine hazifanyi hivyo, kwa hiyo gurudumu la rezini lipimwe kwa venia kama la plastiki: la Sherman lenye milimita 14.1 badala ya 14.5 litabadili kimo cha kifaru. Tazama matundu ya hewa kwenye kingo na ioshe kwa maji ya sabuni kabla ya rangi. Ikatwe na kusuguliwa kwa msasa wa maji huku umevaa barakoa ya vumbi laini. Vumbi lake lisiingie mapafuni.

Vipande vilivyochapishwa kwa 3D vimeleta vitu ambavyo kalibu haikuviweza, kama minyororo yenye pingili tupu ndani na maandishi ya kiwanda kwenye chuma cha kusubu. Ubora wake, hata hivyo, ni wa faili, si wa mashine. Faili nyingi zinazogawiwa mtandaoni zilichukuliwa kutoka michezo ya kompyuta, ambako kifaru hupewa mchanganyiko wa sehemu kwa ajili ya mchezo. Kipimo cha haraka ni kuhesabu bolti: chagua duara moja la bolti linaloonekana wazi kwenye picha ya kihistoria, lihesabu, kisha lihesabu kwenye picha ya muuzaji. Aliyekosea idadi hapo hakutazama kifaru. Ukibadili skeli ya faili, kutoka 1/48 kwenda 1/35 ni asilimia 137.1, na kutoka 1/16 kwenda 1/35 ni asilimia 45.7. Katika upunguzaji huo, ukuta wa milimita 0.5 unakuwa 0.23, mwembamba mno kwa mashine nyingi za nyumbani. Uongeze unene kwenye faili kabla ya kuchapisha, kwa kuupeleka ndani na si nje, ili kipimo cha nje kibaki.

Kipuri kisipopatikana

Hutokea, hasa kwa matoleo ya kiwanda kimoja na ya miezi michache. Hapo bamba la plastiki la milimita 0.25, 0.5 na 1.0, fito za duara za 0.5 hadi 1.0, waya wa shaba wa 0.3 na karatasi ya risasi vinatosha kwa visanduku, bawaba, mikanda na vishikizo vingi. Vichwa vya bolti hupatikana kwa kukata vijisahani kutoka fito ya pembe sita: bolti ya M16 ina kichwa cha milimita 24 kutoka bapa hadi bapa, kwa hiyo fito ya 0.7 inafaa, unene wa kijisahani uwe 0.25 hadi 0.3. Kata zaidi ya unazohitaji, kwa sababu kadhaa zitaruka kutoka kwenye kibano, na zipandikize kwa tone dogo la gundi nyepesi ya plastiki kwa ncha ya brashi, gundi ikiguswa ukingoni tu. Mshono wa kuchomelea hufanywa kwa fito ya plastiki ya 0.3 iliyolainishwa kwa gundi hiyohiyo na kudonolewa kwa ncha ya kisu ikiwa bado laini. Kwa Tiger na Sherman za bamba, mshono unaonekana mbali. Kwenye chuma cha kusubu haupo, na badala yake papasa uso wa plastiki kwa brashi ngumu na gundi hadi uwe na chembechembe ndogo.